Mgeni wa programu huria apewe jembe

Likizo iliyopita alinijia mwanafunzi wangu wa zamani, uso umemsawijika. Aliigundua kasoro ndogo katika programu huria moja, akakesha siku tatu akiirekebisha, kisha akaituma kazi yake kwa wasimamizi. Alijibiwa kwa mstari mmoja tu: asome maagizo kwanza. Maagizo yepi, na yako wapi, hakuelezwa. Akaapa hatarudi tena.

Kwa wasioifahamu, programu huria ni programu ya tarakilishi ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote kuyasoma, kuyarekebisha na kuyasambaza. Wengi hudhani kwamba palipo na uwazi huo pana ukarimu pia. La hasha! Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux mwaka wa 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, alilazimika mwaka wa 2018 kuomba radhi kwa ukali wa maneno yake kwa wenzake, akajitenga na kazi kwa muda. Ikiwa wakongwe walisemezwa hivyo, sembuse mwanagenzi?

Mfano mwema tunao hapa nyumbani. OpenMRS, programu ya kutunza rekodi za wagonjwa, ilichipuka mwaka wa 2004 kutokana na haja za kliniki za ukimwi kule Eldoret, katika ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na taasisi ya Regenstrief ya Marekani. Wenyeji wake huzitenga kazi ndogondogo na kuzitia alama kuwa ni za wanaoanza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nami naongeza kwamba jembe hilo liwe na mpini: mgeni aelezwe aanzie wapi na amuulize nani akikwama.

Nawasikia wasimamizi wakilalama kuwa wengi wao hujitolea bila malipo. Wakati wa kulea wautoe wapi? Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mwaka wa 2024 iligunduliwa kwamba xz, programu ya kubana data, ilikuwa imetiwa mlango wa siri na mtu aliyejifanya msaidizi kwa zaidi ya miaka miwili, huku msimamizi wake akiwa mpweke na mchovu. Wapo waliolitumia tukio hilo kuwatilia shaka wageni wote. Mimi naliona kinyume: mwenye wanagenzi kadhaa aliowalea mwenyewe halazimiki kumwegemea mgeni mmoja asiyemjua.

Sisi walimu nasi tuna lawama. Tumewazoesha wanafunzi kuificha kazi hadi ikamilike, ilhali huko inatakiwa ionyeshwe mapema, ingali mbichi. Aidha, ni wachache tuliowafunza kueleza kasoro ipasavyo: nilifanya nini, nilitarajia nini, nikaona nini.

Niliketi na kijana wangu tukayatafuta maagizo yale. Yalikuwepo, tena yalidai jaribio ambalo hakuliandika. Yule msimamizi, kumbe, alikuwa na haki. Alichokosa ni sentensi moja zaidi. Tuliliandika jaribio, akaituma kazi upya. Makala haya yanapokwenda mitamboni ni siku ya tisa, na jibu halijaja.