Mchagua jembe si mkulima, hata angani

 

Juzi jioni nilikuwa Dunga, hapo ufuoni kusini mwa mji wa Kisumu, nikingoja ngege wangu atoke kwenye mafuta. Ndege ya abiria ikatokea upande wa ziwa, ikateremka polepole kuelekea uwanja wa Kisumu, ng'ambo ya ghuba. Mtoto wa mama muuza samaki, kijana aliyemaliza kidato cha nne, aliitazama mpaka ikatoweka. Nikamwuliza kama angependa kuwa rubani.

"Hiyo ni matatu tu, mzee," akanijibu. "Mimi nataka zile za kivita. Nikiingia jeshini wakinipa helikopta au ile ya kubeba magunia, heri nirudi nivue omena."

Mama yake akaangua kicheko huku akigeuza samaki. "Msikie mwanao! Jeshini hajaingia, ndege keshazikataa!"

Nilicheka pia, lakini swali la kijana yule lilinifuata hadi nyumbani. Je, rubani wa jeshi huchagua ndege atakayoirusha? Na kama huchagua, huchagua kwa sababu gani? Nilimwahidi kwamba jibu nitaliandika hapa, maana najua hayuko peke yake. Nyumba nyingi zina kijana wa namna hiyo, awe anataka ndege, udaktari au uwakili.

Tuanze na mambo yalivyo. Katika majeshi mengi ya anga duniani, wanafunzi wote huanzia kwenye ndege ndogo ya pangaboi. Hapa Kenya, kwa miaka mingi ilikuwa Bulldog kutoka Uingereza, na baadaye ikaja Grob kutoka Ujerumani. Hapo mwanafunzi hukaa bega kwa bega na mkufunzi wake, na kila safari huandikiwa alama. Baadaye njia hugawanyika mara tatu. Wako waendao kwenye ndege za kivita, wako waendao kwenye ndege za uchukuzi, na wako waendao kwenye helikopta. Mwanafunzi huulizwa anapenda nini. Lakini nafasi huhesabiwa, na aliyepata alama za juu hutangulia. Wakufunzi nao hutoa neno lao, na mwisho jeshi huangalia pengo liko wapi. Ukitaka ndege ya kivita nalo jeshi likiwa na upungufu wa marubani wa helikopta, jiandae kwa helikopta.

Sasa, wale wanaoulizwa hupenda nini? Apendaye ndege ya kivita aghalabu hupenda kuwa peke yake. Chukua F-5, ndege ambayo Kenya iliipokea kutoka Marekani mwaka 1978. Ile ya kiti kimoja haina wa kukuuliza wala wa kukusaidia. Mwendo wake hupita ule wa sauti, na safari yake ni fupi. Ina heshima yake, na watoto hukimbia nje kuitazama.

Apendaye ndege ya uchukuzi hupenda safari ndefu na wenzake ndani ya chumba kimoja. Hupeleka chakula penye njaa na askari penye vita, naye huona nchi nyingi. Tena, tuseme ukweli, hufikiria kesho. Siku akivua sare, saa zake za kurusha ndege kubwa zitamsaidia kupata kazi kwenye mashirika ya abiria.

Naye wa helikopta? Huyo hupenda kutua kati ya watu. Haitaji uwanja. Mto ukivunja kingo kule Nyando na watu wakipanda juu ya miti na mapaa, ndege ya kivita haiwezi kuwafanyia lolote. Helikopta ndiyo iwezayo kuning'inia juu yao na kumteremsha mtu kwa kamba.

Hayo ndiyo mapenzi. Lakini mwili nao una neno lake. Rubani wa ndege ya kivita akikata kona kali, uzito wake huongezeka hata mara saba. Mtu wa kilo 70 anakuwa kama wa kilo 490. Damu huteremka miguuni, macho huingia giza, na asiyeweza kukaza misuli na kupumua kama alivyofundishwa huzimia. Kisha kuna kiti kinachomfyatua rubani nje ndege ikiharibika. Kiti hicho hakimfai kila mtu, kwani aliye mrefu mno anaweza kuvunjika magoti. Kwa miaka mingi Jeshi la Anga la Marekani lilitaka rubani awe na urefu wa kati ya sentimita 163 na 196. Mwaka 2020 likaiondoa sharti hiyo ya jumla, maana iliwafungia nje wanawake wengi, likaamua kila mtu apimwe kwa ndege yenyewe. Hata Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kufika anga za juu mwaka 1961, alikuwa rubani wa ndege za kivita mwenye urefu wa sentimita 157 tu. Husimuliwa kwamba alipokuwa mwanafunzi, kutua kulimshinda hadi walipomwekea mto wa kukalia ili aone mbele.

Zaidi ya mwili, kuna wakati na mahali. Ziwa hili tunalolitazama kila siku lilipata kuwa uwanja wa ndege. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilipoanzisha safari kutoka London hadi Mwanza, ndege zilizokuja Kisumu zilikuwa na tumbo la mashua, zikitua majini kama bata. Marubani wale hawakuzichagua kwa kuwa walipenda kuogelea. Viwanja vizuri vya nchi kavu vilikuwa haba, na maji yalikuwapo tele. Mahali ndipo palipochagua ndege.

Kadhalika Jeshi la Anga la Kenya lilipoundwa tarehe 1 Juni 1964, lilianza na ndege ndogo kama Chipmunk na Beaver. Kijana wa wakati ule hata angelia machozi ya damu, F-5 asingeipata. Ndege hiyo ilikuja baada ya Idi Amin kudai sehemu ya ardhi yetu mwaka 1976, huku serikali ikiwa na wasiwasi pia upande wa Somalia. Aliyekuwa tayari kimafunzo miaka hiyo ndiye aliyebahatika. Kwa hiyo, kijana wangu, hata mwaka uliozaliwa una sauti katika jambo hili.

Nawe huna haja ya kwenda mbali kuliona hilo. Simama Dunga alfajiri uwatazame wavuvi. Wako wa omena, wanaokesha na taa zao usiku usio na mbalamwezi. Wako wa mbuta, wenye ndoano na chambo. Na wako wanaomsaka kamongo kwenye mafunjo ya kinamasi. Waulize ni nani kati yao aliyechagua siku ya kwanza. Kijana anayeanza hupelekwa kwenye mashua yenye nafasi. Mwenye mashua humtazama mikono na mgongo, humpima kama anaogopa mawimbi, kisha humwambia, "Panda hii." Baada ya miaka kumi, mtu yule yule atakuapia kwamba omena ndiyo kazi aliyoumbiwa! Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima.

Basi utaniuliza, mwandishi, kama ndege huchaguliwa na alama, na mwili, na wakati, na haja ya jeshi, rubani mwenyewe hubaki na nini cha kuchagua?

Hubaki na jambo kubwa kuliko yote. Sikiliza.

Tarehe 1 Agosti 1982, siku ya Jumapili kama leo, askari wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali. Kambini Nanyuki marubani wa ndege za kivita walielekezewa mitutu ya bunduki, wakaamriwa waziendeshe F-5 wakaipige Nairobi kwa mabomu. Hizo ndizo ndege za fahari, zile ambazo kila kijana huziota. Marubani wakapaa, kwa kuwa hawakuwa na budi. Lakini mabomu hawakuyaangusha juu ya mji. Waliyatupa katika msitu wa Mlima Kenya, wakarudi. Hebu fikiria ni wangapi Nairobi walioamka siku ile, wakaendelea kuishi, wakazaa na kulea, bila kujua kwamba uhai wao ulikuwa mikononi mwa watu wachache waliokuwa juu huko. Jeshi lile lilivunjwa, likaitwa Jeshi la Anga la 82 hadi mwaka 1994 liliporudishiwa jina lake. Lakini uamuzi ule wa dakika chache haukufutika. Asubuhi ile ndege ilikuwa ya kutisha, na aliyeishika alikuwa mtu mwenye dhamiri.

Wala tusidanganyike kwamba ziko ndege za heshima na ndege za kupuuza. Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya jeshi aina ya Y-12, ndege ya uchukuzi tu, ilianguka Marsabit ikiwapeleka viongozi kwenye safari ya kutafuta amani. Watu 14 walifariki. Hakuna rubani anayebeba mzigo mwepesi.

Na sisi wa kandokando ya ziwa tunalo la karibu zaidi. Jenerali Francis Ogolla, mwana wa Siaya, aliingia jeshini mwaka 1984, akaenda Jeshi la Anga, akafunzwa urubani wa ndege za kivita na Wamarekani. Baadaye akawa mkufunzi wa marubani, akapanda ngazi hadi kuwa Mkuu wa Majeshi mwaka 2023. Kwa fikira za kijana wangu wa Dunga, huyo ndiye aliyepata yote. Lakini tarehe 18 Aprili 2024 alikuwa ndani ya helikopta, akitoka kuwatazama askari na kukagua shule zilizokuwa zimefungwa kwa sababu ya majangili kule Bonde la Ufa. Helikopta ile ilianguka Elgeyo Marakwet, naye akafariki pamoja na wenzake tisa. Alizikwa kwao Ng'iya siku tatu baadaye, bila jeneza, kama alivyokuwa ametaka. Rubani wa ndege za kivita alimalizia safari yake katika helikopta, akitoka kwenye shughuli ya shule za watoto. Sijasikia mtu yeyote aliyesimama kaburini akauliza alikuwa wa aina gani ya ndege. Watu waliuliza alikuwa mtu wa aina gani.

Kwa hiyo, kijana wangu, sikukatazi kutamani. Tamani ndege ya kivita, na uiandike ya kwanza kwenye fomu. Soma hisabati na fizikia, kimbia asubuhi, na usivute sigara. Lakini usiseme ni hiyo ama hakuna, kwa sababu mchagua nazi hupata koroma. Ukipewa helikopta, irushe kama kwamba mama yako ndiye aliye juu ya paa akisubiri kamba. Ukipewa ya magunia, kumbuka kuna mtoto mahali fulani ambaye hajala tangu jana.

Nanyi wazazi, msicheke tu kama tulivyocheka mimi na mama yule. Mtoto anapokataa kitu kabla hajakipata, mara nyingi anaogopa kwamba atapewa kidogo kuliko anachostahili. Kaeni naye. Mwonyesheni kwamba kazi haipati heshima kutoka kwa chombo, ila chombo hupata heshima kutoka kwa mikono iliyokishika.

Nitarudi Dunga wiki hii kumpelekea kijana gazeti hili. Mama yake ameniahidi ngege wa bure ikiwa mwanawe atalisoma hadi mwisho. Mimi nimeanza kuona njaa tayari.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akitujalia. Wasalaam.