Redio sasa inapangwa kwa brauza, leseni nayo je?

Fundi wa simu wa Kitale hashindwi kirahisi. Mpelekee simu iliyokwama kwenye nembo na kabla hujamaliza chai anakurudishia ikiwa inawaka. Bungoma mjini ni hivyo hivyo. Sasa mpe huyo huyo redio ya dijitali ya mkononi umwambie akuwekee chaneli. Atakuangalia, kisha akuulize, "Hii ni ya soja?"

Simlaumu. Redio za mfumo wa DMR, ambao viwango vyake vilitolewa na shirika la Ulaya la ETSI mwaka 2005, hazikutengenezwa zikimlenga mtu wa mtaani. Redio ya analogi unaweza kuibonyeza vitufe mpaka ikubali. DMR inataka masafa ya kutuma na ya kupokea, msimbo wa rangi kuanzia 0 hadi 15, kundi la mazungumzo, namba yako ya utambulisho, na pia zamu. Zamu ni hivi: chaneli moja ya kHz 12.5 hubeba mazungumzo mawili kwa kupokezana, kila moja ikipewa milisekunde 30, upesi kiasi kwamba sikio halijui. Mambo haya yote hukusanywa kwenye faili moja ambalo wenye redio huliita kodiplagi. Kosea kipengele kimoja tu, redio inanyamaza kama jiwe, na haikuambii ni kipi.

Kwa miaka mingi faili hilo lilihaririwa kwa programu ya Windows, kila kampuni na yake, saa zingine kila modeli na yake. Unaipakua kwenye tovuti usiyoijua, antivirasi inapiga kelele, draiva ya kebo inagoma. Ukiwa na laptopu ya Linux uliyofufua mwenyewe, pole sana.

Machi 2021 mambo yalianza kubadilika. Chrome toleo la 89 iliruhusu ukurasa wa wavuti kuongea moja kwa moja na kifaa kilichochomekwa kwenye USB, mradi wewe mwenyewe ubofye na kukichagua. Uwezo huo unaitwa Web Serial. Wapenzi wa redio hawakulala. Wenye Quansheng UV-K5, kiredio cha analogi cha bei nafuu, wakaanza kubadilisha hata programu ya ndani ya redio kupitia brauza. Leo zipo kurasa za namna hiyo kwa redio za DMR pia, kwa mfano Baofeng DM-32UV. Unachomeka kebo, unaisoma redio, chaneli zako zinatokea kama jedwali, unahariri, unairudishia. Kazi inafanyika ndani ya laptopu yako, kwa hivyo bando ya shilingi 20 inatosha na chenji inabaki. Ila kabla ya kugusa chochote, soma redio na uhifadhi faili la kwanza pembeni. Usipofanya hivyo usinitafute ukilia.

Kwa hivyo kisingizio cha kompyuta kimekwisha. Kijana yeyote anayejua kuflashi simu anaweza kupanga redio hizi leo mchana. Na hapo ndipo wasiwasi wangu unaanza, kwa sababu brauza haikuulizi kama una leseni.

Redio nyingi za aina hii zinaweza kutuma kati ya MHz 136 na 174, na kati ya 400 na 480. Masafa ya redio za ridhaa, yaani za wale wanaojiita ham, ni MHz 144 hadi 146 na 430 hadi 440. Kwingine kote kuna wenyewe: kampuni za ulinzi, huduma za dharura, hata vyombo vya majini. Ukurasa wa wavuti utakuandikia yote bila kukohoa. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998 haina upole huo. Kutuma bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, CA, ni kosa, hata kama ulikuwa "unajaribu tu." Hata ukiwa na leseni ya ridhaa, si ya biashara. Sako ya bodaboda haiwezi kuitumia kuitana kubeba abiria. Hiyo ni leseni nyingine kabisa.

Nishasikia swali: tuna simu, redio za nini bana? Kumbuka Novemba 2019. Maporomoko ya ardhi yalifunika vijiji vya West Pokot, Nyarkulian na Parua vikiwemo, zaidi ya watu 40 wakafa, na mvua ikakata barabara ya kutoka Kitale kwenda Lodwar. Waokoaji walihangaika kufika. Milima yetu, Elgon huku na Cherangany kule, haijaacha kuporomoka. Minara ya simu inategemea umeme na nyaya ambazo mafuriko hayaziheshimu. Redio mbili na betri zilizojaa hazitegemei mtu wa tatu.

Nikiri hapa dijitali si dawa ya kila kitu. Sauti ya analogi ikififia inajaa mikwaruzo lakini bado unaokota neno moja moja. Ya DMR husikika safi mpaka ghafla hakuna kitu. Kwenye mabonde ya Elgon ningebeba redio inayofanya zote mbili, na chaneli ya kwanza ningeiweka analogi. Mashabiki wa DMR wataninunia, wacha waninunie.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Kitale National Polytechnic ina wanafunzi wanaocheza na saketi kila siku. Chuo Kikuu cha Kibabii, pale Bungoma, kinafundisha kompyuta. Kila mmoja uanzishe klabu ya redio, mwalimu mmoja, redio mbili, kebo moja, na darasa la kujiandaa kwa leseni. CA nayo iwalete watahini huku angalau mara moja kwa mwaka badala ya kumsubiri kijana wa Kimilili aje kuwatafuta. Kitale iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma kama 1,400. Repita moja kwenye mwinuko mzuri katikati ingewasikilizisha wengi. Mwenye leseni hupewa alama ya wito inayoanza na 5Z4, na kwa hiyo anaweza kuomba namba ya DMR inayoanza na 639, ile ile tarakimu ya mitandao ya simu ya Kenya. Usikope namba ya mtu kwenye mtandao. Kila ukibonyeza kitufe jina lake ndilo linalotokea.

CA ina ofisi ya kanda Eldoret, safari ya matatu moja kutoka Kitale. Ningepita hapo kwanza kuulizia fomu na ada, ndipo ninunue redio.