Walinzi wa Liyongo Mezani

Mkutano wa wataalamu wa Kiswahili unapomalizika katika mji wowote wa Ulaya au Marekani, hufuata safari ambayo haimo katika ratiba. Mwenyeji anaujua mgahawa. Uko barabara ya nyuma, baina ya kinyozi na duka la kutuma fedha. Hauna madoido, una meza saba au nane, na harufu ya tui linalochemka humlaki mgeni kabla ya mhudumu. Wasomi huketi. Kutwa nzima wamejadili kudidimia kwa Kiswahili ughaibuni; wametaja sera, mitaala, na watoto wanaoulizwa kwa Kiswahili wakajibu kwa Kiingereza. Mwenye mgahawa, mama wa Tanga au wa Lamu au wa Bukavu, anawasogelea na kuwakaribisha. Nao, karatasi ya vyakula mkononi, wanaagiza kwa Kiingereza.

Hawakukusudia dharau. Karatasi yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza, na ulimi hufuata jicho. Humo mahamri yamekuwa donati za Kiafrika, vitumbua vimekuwa keki za mchele, mishkaki imekuwa nyama ya vijiti, na samaki wa kupaka, aliyepakwa tui zito mara kadhaa juu ya makaa hadi likamshika, amekuwa samaki wa mchuzi wa nazi. Wanakula vizuri. Mmoja anaipiga picha sahani yake. Mwingine, kijiko kikiwa njiani, anasema kwa sauti ya chini kwamba chakula hiki kimemrudisha nyumbani, na wenzake wanaitikia kwa vichwa.

Kauli hiyo ndiyo inayostahili kupingwa, tena bila kuoneana haya. Inasikika kama sifa, lakini inamnyang'anya mpishi mahali alipo. Mama huyo hayuko Tanga. Yuko Leicester au Minneapolis. Analipa kodi ya pango ya huko, anakaguliwa na bwana afya wa huko, anatumia nazi iliyogandishwa kwa sababu ya kukuna bei yake haishikiki, na alichokipika ni chakula cha leo cha mji huo. Kumsifu kwa kuwa amefanana na kwingine ni kumsifu mtu kwa sura ya nduguye. Isitoshe, mlaji aliyekwisha kurudi nyumbani kwa ndoto hana haja ya kusema lolote na aliye mbele yake. Nyumbani kwake ni kwa kukumbukwa tu, na kumbukumbu haijibiwi.

Kwani ughaibuni Kiswahili kina kazi wapi? Chuoni kinachunguzwa. Sebuleni wazazi husema, watoto husikia, na jibu hurudi kwa lugha nyingine. Kwenye sherehe kinaimbwa. Mgahawani, na pengine kwenye kiti cha msusi, ndipo watu wasiojuana hukihitaji ili jambo fulani lifanyike: mchuzi uongezwe, pilipili iletwe kando, deni lingoje hadi Ijumaa, mzee wa meza ya pembeni ataniwe kwa timu yake iliyofungwa jana. Anayeomba aongezewe mchuzi haonyeshi umahiri wake wa lugha. Anataka mchuzi. Hakuna mtaala uliowahi kuleta haja hiyo darasani.

Tanzania imelipa wazo hili jina. Mwanamke anayeuza wali na maharage karibu na stendi au kando ya eneo la ujenzi huitwa mama ntilie, na jina hilo si la kazi wala la chakula. Ni maneno ya mteja mwenyewe, mama, nitilie. Baadaye wenye adabu ya kiofisi walipendelea mama lishe. Jina hilo nalo lina heshima yake, lakini limemfuta mteja pamoja na sauti yake. Katika ntilie mna watu wawili, sahani moja na kitenzi. Tanzu za fasihi simulizi zimepewa sura nzima vitabuni kwa mtaji mdogo kuliko huo.

Hasara ya karatasi ya Kiingereza inapimika vyema kwa wali. Shambani ni mpunga, dukani ni mchele, sahanini ni wali, na kilichoshika chini ya sufuria ni ukoko, ambao watoto huugombania na wakubwa hujifanya hawautaki. Kiingereza kina neno moja la kutosha shamba, duka na sahani. Mtoto aliyelelewa kwa neno hilo moja amepoteza habari kwamba baina ya shamba na sahani kuna kinu, kuna ungo, kuna moto juu na chini, na kuna watu waliosimama penye kila hatua. (Nairobi nako wengi hula mchele bila wasiwasi wowote, na watu wa Mombasa hawajachoka kuwacheka. Ugomvi huo uendelee.)

Au lichukuliwe jani la muhogo. Mtu wa Bukavu huita sombe kile ambacho mtu wa Tanga hukiita kisamvu. Kila mmoja anaamini kwamba mwenzake amekosea jina, na zaidi ya hapo amekosea mapishi. Mkate wa kumimina wa Unguja ni mkate wa sinia ukifika Mombasa. Neno sombe likiandikwa kwenye karatasi ya vyakula huko Kentucky, walikohamia Wakongo wengi, na Mtanzania akiingia kula, mjadala wa lahaja utaanza mezani bila ruzuku ya taasisi yoyote. Likiandikwa jina la Kiingereza, wote wawili wataonyesha kwa kidole na kunyamaza.

Hoja ya upande wa pili inajulikana, wala si ya kipuuzi. Mgahawa ni biashara. Wateja wenye lugha hawatoshi kulipa pango. Anayepita njiani lazima ajue anauziwa nini. Ni kweli, na maelezo mafupi chini ya jina hayamdhuru mtu. Lakini dai kwamba jina lenyewe humfukuza mteja linakataliwa na historia ya Uingereza. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, zaidi ya 27,000 waliingia Uingereza, ambako wenzao wengi wa Kenya walikuwa wamekwisha kutangulia. Katika mikahawa ya Leicester na Wembley pakaandikwa mogo. Mogo ni muhogo, umepunguzwa silabi katika vinywa vya Kigujarati, ukakaangwa, ukatiwa pilipili na ndimu. Hawakuutafutia jina la kizungu. Kuku wa kupaka naye aliandikwa kuku paka, na kwa kuanguka kwa hiyo "wa" moja kuku akaingia ukoo wa paka; mwalimu wa sarufi na ashike kichwa. Maneno hayo yamesimama kwa nusu karne, na Mwingereza huagiza mogo bila kutafsiriwa, kama anavyoagiza piza. Watu waliochekwa Kampala na Nairobi kwa Kiswahili chao cha dukani wamekihifadhi kitu ambacho wenye shahada za Kiswahili wanakiacha kwa hiari mbele ya sahani.

Oman inatoa ushahidi wa namna nyingine. Huko, walikorejea wengi wenye asili ya Oman waliotoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya 1970, nyama ya vijiti inayochomwa kando ya barabara jioni inaitwa mishkaki hata katika Kiarabu cha nchi hiyo. Neno lilitoka wapi likaenda wapi, wenye etimolojia wabishane. Kijana wa Muscat asiyejua hata kuamkia kwa Kiswahili hulitamka, hupewa mishkaki yake, na huondoka ameridhika.

Lawama, basi, isipelekwe jikoni. Mama mwenye mgahawa ameandika Kiingereza kwa kuwa amewasikia wateja wake, na miongoni mwa aliowasikia ni hao wenye vitambulisho vya mkutano shingoni. Kama hata wao hawaagizi kwa Kiswahili, amwandikie nani?

Tena kuna anayesikiliza kuliko wote: binti wa mwenye mgahawa, wa miaka 14, anayesaidia kuhudumia siku za Jumamosi akiwa na kijitabu na kalamu. Jikoni mama humwambia kwa Kiswahili alete bakuli, afute meza, asiache tui likafura. Mezani wageni wa heshima, waliovuka bahari ili kuijadili lugha hiyo, humsemesha kwa Kiingereza na kumwita mpenzi. Binti ana akili. Anajumlisha. Zamani walowezi wa Kenya walijitengenezea Kiswahili cha kumwamrisha mpishi, Kisetla, na wasomi wameandika kurasa nyingi, kwa haki kabisa, kuishutumu fikra kwamba Kiswahili ni lugha ya jikoni. Binti huyu hajamsoma mlowezi yeyote. Fikra hiyo ameipata kwa kuwatazama wasomi wakila.

Ikifika Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, mama huyohuyo huombwa alete sinia za vitumbua na sambusa ukumbini. Hotuba husomwa, zulia jekundu huinuliwa pembe lilipojikunja, na chakula hungoja nyuma kikiwa kimefunikwa, pambo la utamaduni. Mara chache sana aliyekipika hupewa kipaza sauti aeleze tofauti ya tui la kwanza na tui la pili, ingawa maelezo hayo yangekuwa Kiswahili kizuri kuliko nusu ya hotuba.

Wote waliomo ukumbini wanakijua kisa cha Fumo Liyongo. Wengi wao wamekifundisha. Liyongo yuko gerezani. Mama yake humpelekea chakula kizuri kwa mkono wa Saada, kijakazi, na walinzi hukila wao wakamwachia makombo. Ndipo anapomwimbia Saada ujumbe: mama aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Walinzi wameusikia wimbo ule kama kila mtu. Wanauona mkate, wanaudharau, wanaupitisha. Darasani husisitizwa werevu wa Liyongo na uaminifu wa Saada. Walinzi hawaulizwi lolote, nao ndio walaji: watu wenye ulimi wa kujua chakula kizuri, wanaokaa karibu kabisa na maneno, wasiyashike.

Wapo walaji wa aina nyingine. Katika migahawa hiyohiyo huingia mzee, dereva wa teksi au mlinzi wa usiku, asiye na karatasi ya kuwasilisha popote. Haigusi orodha ya vyakula. Anavua kofia, anaketi, anamuuliza binti: ukoko upo? Binti hajui ni nini. Anasimama na kalamu yake, kisha anageukia mlango wa jikoni na kuuliza kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa kuwa neno hilo hana la kulibadilishia. Jikoni husikika kicheko, na mwiko ukikwangua chini ya sufuria.