GUNIA LA MWALONI LINA WENYEWE

Mchimbaji mdogo wa Geita hana haja ya kwenda chuoni ili ajue kwa nini ubao wa kuoshea hutandikwa gunia. Mawe yakisha kusagwa karashani, unga wake hupitishwa ubaoni kwa maji. Udongo huenda zake. Dhahabu, kwa uzito wake, hunaswa katika nyuzi. Mwenziwe wa Shinyanga ajua vivyo hivyo. Huyu hupenda gunia la katani, yule blanketi au taulo kuukuu.

Je, akitokea mtu na kitambaa chake akadai hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasikitumie bila kumlipa, apewe? Sheria ya Hataza ya mwaka 1987 yataka uvumbuzi uwe mpya, tena usiwe jambo lililo wazi kwa fundi wa kazi hiyo. Sisi twasema fundi huyo ni mwoshaji wa mwaloni, si karani wa mjini.

Tena jambo lenyewe ni la kale. Mwaka 1556 kitabu cha Georgius Agricola, De re metallica, kilieleza mbao za kuoshea zilizotandikwa vitambaa na ngozi. Basi kuondoa gunia na kutandika zulia, peke yake, si uvumbuzi. Lakini tutende haki: atakayeleta kitambaa kinachonasa dhahabu kwa namna ambayo hakuna fundi aliyeitazamia, kikamwepusha mchimbaji na sumu ya zebaki, huyo astahili hataza yake.

Hatari ni kunyamaza. Njia ya MacArthur na Forrest ya kutoa dhahabu kwa sayanaidi ilipata hataza Uingereza mwaka 1887. Huko Transvaal makampuni ya migodi yaliipinga, na mwaka 1896 mahakama ikaifuta. Makampuni yalikuwa na fedha na mawakili. Mchimbaji wa Nyarugusu ana nini?

Ana ushahidi, ila hajauandika. Vyama vya wachimbaji, andikeni! Kitambaa gani, kimetumika mwalo upi, tangu lini, mbele ya nani. Pigeni picha, tieni tarehe. Yaliyokwisha kutumika hadharani huhesabiwa hata kama hayakuchapwa kitabuni, lakini sharti yathibitishwe. Asiyeridhika na uamuzi wa Msajili ana njia ya rufani. Rufani nayo haisikilizi minong'ono.

Ujuzi usioandikwa, kesho utaandikwa kwa jina la mwingine.