MWENDO WA SKRUBU SI KIPIMO CHA KAZI



Katika viwanda vya plastiki vya Athi River neno linalosikika kila zamu ni "ongezeni". Ongezeni kilo, ongezeni mita, ongezeni mwendo. Chama hakipingi kuongeza. Kiwanda kinachotoa bidhaa mbaya hakiwezi kulipa mishahara mizuri, na kikifungwa ni sisi tutakaorudi nyumbani mikono mitupu. Lakini twataka kusema wazi, ili waajiri nao wasikie: kuzungusha skrubu mbio zaidi si sawa na kuongeza mali, na wale wanaoijua njia ya kweli ya kuongeza mali ni wafanyakazi wanaosimama mbele ya mashini.

Kwa faida ya ndugu walio katika stoo na upakiaji, tueleze kwa ufupi. Mashini ya kukamua plastiki, ambayo mafundi huiita ekstruda, inafanana na mashini ya kusagia nyama. Punje za plastiki huingia juu, skrubu ndefu huzisukuma ndani ya silinda yenye moto, zikayeyuka, zikapita katika wavu wa kuchuja, kisha zikatoka kwenye kinywa cha chuma. Kinywa kikiwa duara lenye moyo katikati, hutoka bomba la maji. Kikiwa mwanya mwembamba wa mviringo, hutoka nailoni inayopulizwa hewa kama puto, ikapoozwa na kukunjwa.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui ni hili. Mashini ikishashika mwendo, sehemu kubwa ya joto haitoki kwenye hita bali kwenye skrubu yenyewe, kwa kusugua plastiki. Kwa hiyo ukiongeza mwendo umeongeza na joto. Nailoni laini huyeyuka karibu nyuzi 110 na ngumu karibu nyuzi 130, na mashini huwekwa juu ya hapo ili plastiki itiririke vizuri. Ukipita kiasi, puto hucheza, unene hauwi sawa, bomba hutoka kwa wingi kuliko maji ya kupoozea yawezavyo kulipooza, nalo hupindika. Kama ni plastiki ya PVC, ikiungua hutoa gesi ya tindikali inayokata koo la mtu na kula chuma cha mashini pia.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme mashini yatoa kilo 100 kwa saa, na kilo 8 ni taka. Kilo nzuri ni 92. Bwana msimamizi akaongeza mwendo, zikatoka kilo 110, lakini taka zikawa 20. Kilo nzuri ni 90. Umeme umetumika zaidi, skrubu imelika zaidi, mtu amechoka zaidi, na kilichobaki cha kuuzwa ni pungufu. Hapo twauliza: ni nani aliyepata faida?

Wasemao kwamba taka husagwa tena zikarudishwa, husema kweli nusu. Kusaga ni umeme na ni kazi ya mtu. Plastiki iliyopikwa mara nyingi hudhoofika, na taka zenye mchanga au unyevu huziba wavu na kutia mapovu katika bidhaa. Punje tunazotumia hutoka ng'ambo na kupandishwa kutoka Mombasa, maana nchi yetu haitengenezi punje mpya za namna hiyo. Kila kilo inayotupwa ni fedha iliyokwisha kutoka nje ya nchi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Fundi wa zamu hujua hita ipi imekufa ingawa saa yake bado yaonyesha namba. Hujua kwamba shindo la plastiki likipanda polepole, wavu umeanza kuziba na wafaa kubadilishwa kabla haujapasuka. Hujua kwamba kinywa hakikwanguliwi kwa kisu cha chuma, bali kwa kifaa cha shaba, maana mkwaruzo mmoja utaonekana kama mstari juu ya kila mita ya bidhaa. Hujua kwamba mwendo ukiwa ule ule na kilo zikapungua mwezi kwa mwezi, skrubu imelika. Haya yote yaongeza mali bila kuongeza mwendo hata kidogo. Lakini yahitaji vipuri, daftari la mashini, na muda wa kufanya matengenezo. Yahitaji pia msimamizi anayesikiliza.

Na yahitaji mtu mwenye ujuzi akae. Hapa ndipo penye uchungu. Ndugu wengi wanaoshika mashini hizi huitwa vibarua miaka nenda miaka rudi. Mtu ajifunza kwa kuunguza vidole, na siku akishajua kazi aambiwa asirudi. Anayeletwa badala yake aanza na taka. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja ahesabiwe mtu wa mshahara wa mwezi. Kumnyima hayo ni kumwonea, na pia ni kuitupa nje ya lango akili ambayo kiwanda kimekwisha kuilipia.

Tena mwajiri hutozwa ada ya mafunzo, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Kiwanda chenye watu 100 hutoa shilingi 60,000 kwa mwaka. Mamlaka ya Mafunzo ya Viwandani ina kituo papa hapa Athi River, na mwajiri aliyelipa aweza kuomba arudishiwe gharama za mafunzo yaliyokubaliwa. Kama fedha imetoka, mbona wanaopelekwa darasani si watu wa mashini?

Wale waliokuwako tarehe 28 Agosti 2017, marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza kushika, hawataisahau. Mashini zilizokuwa zikipuliza mifuko usiku na mchana zilisimama, na watu wakasimama pamoja nazo. Hatugombani na usafi wa nchi. Mifuko ile ilijaa mitaroni na matumboni mwa ng'ombe wetu. Lakini yafaa tukumbuke fundisho lake. Aliyejua kubonyeza kitufe kimoja tu alikwama. Aliyejua joto, shindo na skrubu aliweza kuomba kazi kwenye bomba za maji, ambazo hazikukatazwa, na ambazo nchi kavu kama Machakos yazihitaji.

Usalama nao tusiuache nyuma. Umeme ukikatika plastiki huganda ndani. Anayezungusha skrubu kabla joto halijafika katikati aweza kuvunja bolti za kinywa, na plastiki ya moto ikaruka. Mtu yeyote asisimame mbele ya kinywa wakati wa kuanza. Mtu yeyote asitie mkono katika kinu cha kusaga taka au kwenye rola kabla umeme haujafungwa, hata kama amehimizwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Kiwanda kisicho na kamati hiyo kivunja sheria, si hisani kinayotunyima.

Basi, ndugu, twawaomba kila kiwanda kifanye mambo matatu. Kwanza, kila zamu iandike katika daftari lake kilo nzuri, kilo za taka, joto, shindo, na saa mashini iliposimama na sababu yake. Pili, wawakilishi wadai kamati ya usalama na majina ya watu wa mashini watakaopelekwa mafunzoni. Tatu, tukienda mezani, tudai hesabu za taka na mazao. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 yamtaka mwajiri atoe habari zinazohitajiwa katika mapatano. Taka zikipungua kwa ujuzi wetu, sehemu ya faida hiyo ni yetu, nayo iandikwe katika mkataba kwa shilingi.

Mwajiri akituambia "ongezeni", tusimjibu kwa kununa. Tumfungulie daftari, tumwonyeshe mali inapopotelea, kisha tumwambie bei ya kuiokoa.

Umoja ni nguvu.