Tangi la Samaki Shuleni: Maji ya Bahari au Maji ya Ziwa?

Vitabu vingi vinavyoeleza ufugaji wa samaki katika matangi ya kioo vimeandikwa na watu wanaoishi karibu na maduka yenye kila kitu: chumvi iliyochanganywa tayari, pampu, vichujio, hata mawe yaliyokwisha kuota viumbe. Mwanafunzi wa Nyakatuntu, katika Wilaya ya Kyerwa ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Karagwe, akivisoma vitabu hivyo huvutiwa zaidi na tangi la maji ya bahari, kwa ajili ya matumbawe yake na rangi za samaki wake. Kisha hufika kwenye ukurasa unaoeleza hodhi la kuchujia, yaani chombo cha pili kinachowekwa chini ya tangi ili maji yateremke humo, yasafishwe, na kurudishwa juu kwa pampu. Hutazama vifaa vinavyotakiwa, akakifunga kitabu. Mwalimu wake naye hukubali upesi kwamba jambo hilo ni la nchi nyingine.

Uamuzi huo una ukweli mmoja na kosa moja. Ni kweli kwamba bahari haiwezi kutengenezwa Nyakatuntu kwa gharama inayostahili. Kosa ni kuliacha hodhi pamoja na bahari. Hodhi ndilo sehemu ambayo mwanafunzi anaweza kuijenga kwa mikono yake, na ndilo lenye elimu nyingi kuliko samaki wenyewe.

Yafaa kwanza bahari ipewe haki yake. Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na wengi hudhani kwamba gramu 35 za chumvi ya jikoni zikitiwa katika maji ya chemchemi zitatoa kitu kile kile. Sivyo. Katika gramu hizo 35 mna pia magnesiamu, salfeti, kalsiamu na potasiamu, na viumbe wa bahari huvihitaji vyote. Watengenezaji wa chumvi wa pwani, kama wale wa Bagamoyo na Lindi, huyaacha maji yakauke juani, na kila kitu hujitenga kwa wakati wake: chokaa na jasi hutangulia kuzama, kisha chumvi yenyewe, na magnesiamu nyingi hubaki katika maji machungu yanayomwagwa mwishoni. Kwa hiyo mfuko wa chumvi unaofika Kyerwa ni kipande tu cha bahari, na kukiyeyusha hakuwezi kuirudisha nzima. Chumvi ya Uvinza, inayotokana na chemchemi za bara, haijawahi hata kuwa bahari kwa maana hiyo.

Kuna sababu mbili zaidi, nazo ni za kifizikia na kikemia. Amonia inayotolewa na samaki ipo majini katika sura mbili, na iliyo sumu kali ni ile isiyo na chaji. Katika maji yenye pH 7 na joto la nyuzi 25 za Selsiasi, sehemu hiyo ya sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Katika pH 8.2, ambayo ndiyo hali ya kawaida ya bahari, hufikia asilimia 7 hivi. Uchafu ule ule, wa samaki wale wale, huwa hatari mara kumi zaidi. Sababu ya pili ni oksijeni. Maji ya chumvi hushika oksijeni kidogo kuliko maji baridi, na nyanda za Karagwe na Kyerwa, ambazo katika sehemu nyingi zimeinuka kufikia meta 1500 au zaidi, zina kanieneo ya hewa iliyo pungufu kwa kama asilimia 16 kuliko pwani. Lita moja ya maji ya mto yenye nyuzi 25, ambayo Dar es Salaam ingeweza kushika miligramu 8 za oksijeni, huko juu hushika 7 pungufu kidogo. Maji ya bahari hayafiki hata 6. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba maji ya milimani huchemka kabla ya kufika nyuzi 100 anaweza kuelezwa jambo hili kwa dakika mbili.

Basi tangi la Nyakatuntu na liwe la maji ya ziwa. Lakini hodhi libaki.

Sababu ya kulisisitiza hodhi ni kwamba watu wengi hulifahamu vibaya. Neno "kuchuja" humfanya mtu afikirie chai na kichujio chake: majani hubaki juu, chai hupita. Sifongo ya hodhi hufanya kazi hiyo pia, lakini ni kazi ndogo. Amonia imeyeyuka, na hakuna tundu la sifongo linaloweza kuizuia. Kinachoiondoa ni bakteria wanaoota kama utando juu ya mawe na vigae. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo ni sumu pia. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huvumilia kwa kiasi kikubwa. Mrusi Sergei Winogradsky, akifanya kazi Zurich, aliwatenga bakteria hao mnamo mwaka 1890. Vitabu vya shule bado hutaja Nitrobacter kwa hatua ya pili, lakini uchunguzi wa matangi ya samaki uliofanywa katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba humo kazi hiyo hufanywa zaidi na Nitrospira. Na mwaka 2015 ilitangazwa kwamba wapo Nitrospira wanaoweza kuzifanya hatua zote mbili peke yao. Mzunguko wa nitrojeni, ambao mwanafunzi huukariri kwa mishale ya chaki ubaoni, upo ndani ya ndoo ile ukitendeka.

Ndoo, kwa kweli, inatosha. Tangi lenye urefu wa sentimeta 90 na upana wa 40, likijazwa hadi kimo cha sentimeta 40, huwa na lita 144. Chini yake liwekwe pipa la plastiki la lita 60. Juu ya pipa, ikiegemea kwenye ubao, ikae ndoo iliyotobolewa matundu mengi kitakoni na kujazwa vipande vya matofali ya kuchoma, au vigae vya vyungu vilivyovunjika, kila kimoja kama ukubwa wa jozi ya karanga. Tofali lililochomwa lina vinyweleo vingi, na kila kinyweleo ni makao ya bakteria. Juu ya vigae kitandazwe kipande cha godoro la sifongo, ambacho kitafuliwa kila wiki. Maji hufurika kutoka tangini kwa bomba, hupita sifongo, huteleza juu ya vigae, na kudondokea pipani, ambamo pampu ndogo huyarudisha juu. Kwa kuwa vigae havizami, kila kimoja hufunikwa na maji membamba yanayogusana na hewa, na kwa hiyo upungufu wa oksijeni wa nyanda za juu hufidiwa. Hodhi la namna hii huenda likawafaa bakteria kuliko masanduku mengi yanayouzwa kwa fedha za kigeni.

Hesabu moja haina budi kufanywa kabla ya kununua bomba. Umeme ukikatika, pampu husimama, lakini maji ya tangini huendelea kuteremka mpaka yafike usawa wa mdomo wa bomba. Kama usawa huo uko sentimeta 3 chini ya uso wa kawaida wa maji, kitakachoteremka ni 90 × 40 × 3, yaani sentimeta za ujazo 10,800, ambazo ni karibu lita 11. Pipa lisiloachiwa nafasi hiyo, na lita chache zaidi kwa maji yaliyomo katika mabomba, litafurika sakafuni usiku. Bomba la kurudishia nalo litobolewe tundu dogo karibu na uso wa maji, la sivyo litageuka kuwa mrija wa kunyonya na kulishusha tangi zima. Wanafunzi wa Kidato cha Pili wanaweza kuifanya hesabu hii. Walioikosea wataikumbuka maisha yao yote.

Atatokea msemaji wa kudai kwamba shule isiyo na umeme haina haja ya kusoma zaidi ya hapa. Historia haimuungi mkono. Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi mmoja wa London, alileta matumbawe hai mjini kutoka ufukwe wa Torquay. Hapakuwa na pampu. Mtumishi wake wa kike aliyamimina maji ya bahari kutoka chombo hadi chombo, mbele ya dirisha lililo wazi, kila siku, na matumbawe yakaishi. (Jina la bibi limehifadhiwa, ilhali mikono iliyofanya kazi ilikuwa ya mwingine, lakini hilo ni somo la darasa la historia.) Kuinua lita 144 kwa kimo cha meta 1 huhitaji juli 1,400 hivi, ambazo ni kidogo sana kwa kijana mwenye afya. Ndoo chache asubuhi, adhuhuri na jioni, zikipitishwa katika vigae, zitawatosha samaki wachache wadogo. Sharti ni uchache huo.

Kama shule ina fedha ya kununua kitu kimoja tu, pampu isiwe hicho. Kiwe vipimo vya amonia na nitriti. Tangi jipya huhitaji wiki 4 hadi 6 ili bakteria waote, na katika baridi ya Kyerwa pengine zaidi. Katika muda huo amonia hupanda, kisha hushuka huku nitriti ikipanda, kisha nitriti nayo hushuka. Mwanafunzi aliyechora mistari hiyo miwili kwenye karatasi ya grafu, kutokana na maji aliyoyapima mwenyewe, amefanya utafiti. Aliyenunua tangi lililokamilika na kulitazama, amenunua pambo.

Kuhusu vitu vya kujengea, tahadhari ni chache. Bakteria hawa hutoa asidi wanapofanya kazi, na mawe ya Karagwe kwa kawaida si ya chokaa, kwa hiyo hayataizimua. Jiwe likidondoshewa siki lisitoe povu, jambo hilo limethibitika. Konzi moja ya maganda ya mayai yaliyooshwa na kusagwa hutosha kuinua pH inayoshuka. Maji ya bomba yenye klorini yakae wazi siku nzima kabla ya kutumiwa, kwani klorini huua bakteria wa hodhi kama iuavyo wale wa kipindupindu. Shaba isitumike popote. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati mapya yaepukwe pia. Hapa lugha imewapoteza wengi wilayani Kyerwa, ambako madini ya bati huchimbwa: mabati ya paa hayakupakwa bati bali zinki, na zinki ni sumu kwa samaki.

Je, haya yote ni mchezo wa shule tu? Jibu linapatikana Ziwa Victoria na Kihansi. Ziwa Victoria lilikuwa na aina za furu zinazokisiwa kuwa 500 au zaidi. Baada ya sangara kupandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, na kuongezeka kwa kasi katika miaka ya 1980, takriban aina 200 zilitoweka au kukaribia kutoweka. Baadhi ya zilizookolewa zilihifadhiwa katika matangi ya Ulaya na Amerika Kaskazini, juu ya mahodhi ya kuchujia yanayofanya kazi kama ndoo iliyoelezwa hapa. Chura wa Kihansi alipokosa manyunyu ya maporomoko yake baada ya bwawa la umeme kuanza kazi mwaka 2000, vyura 500 hivi walipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Vyura 100 walirudishwa mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuachiliwa korongoni kulianza mwaka 2012. Wageni waliofanya kazi hiyo wanastahili shukrani. Hata hivyo, nchi yenye maji mengi kiasi hiki ingepaswa kuwa na mamia ya vijana wanaojua kuyatunza maji ndani ya chombo, na ujuzi huo hauanzi chuoni.

Samaki wenyewe wachaguliwe kwa uangalifu. Maziwa madogo yaliyo pembeni mwa Victoria yana thamani ya pekee, kwani katika baadhi yake ngege, perege wa asili aliyekaribia kutoweka katika ziwa kubwa, angali yupo. Mwalimu amwone afisa uvuvi wa wilaya kabla ya kuvua chochote, na asivue kabisa ndani ya hifadhi za Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. La muhimu zaidi, samaki aliyeingia tangini asirudishwe ziwani wala mtoni, hata kwa huruma. Sangara naye alianza na ndoo chache.

Limebaki suala la likizo. Mnamo Juni na Desemba wanafunzi huondoka, na samaki wengi wa shule hufa wakati huo. Samaki mzima mwenye afya huvumilia siku kadhaa bila chakula kuliko anavyovumilia konzi ya chakula aliyomwagiwa kwa pamoja na mlinzi mwenye nia njema. Mlinzi aachiwe vifurushi vidogo vya karatasi, kimoja kwa kila siku mbili, na aelekezwe jambo moja zaidi: pampu ikisimama kwa muda mrefu, aimimine ndoo moja ya maji ya tangini juu ya vigae asubuhi na jioni, ili visikauke.