Gunia la Unga Lisiulize Dini Wala Kura

Msomaji mpenzi, ikiwa wewe ni mkazi wa Milimani hapa Kisumu, mvua ya masika haikutishi sana. Itaangusha matawi mawili matatu barabarani, itakata umeme, nawe utawasha mshumaa, ufunge dirisha na ulale fofofo. Lakini hebu teremka kidogo hadi Nyalenda, au panda matatu uelekee Ahero, ndipo utakapojua kwamba mvua hiyo hiyo iliyokubembeleza ukasinzia imemwamsha mwenzako usiku wa manane, akatoka mbio mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Watu wa uwanda wa Kano wanayajua mafuriko kama unavyolijua deni. Kuna siku ambapo Ahero hakujadondoka hata tone, lakini mvua imenyesha Nandi, Tinderet na upande wa Kericho, na mto Nyando umeibeba yote ukaja kuimwaga mashambani na majumbani mwao. Wazee wanazikumbuka mvua za Uhuru, ambapo kati ya mwaka 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita mbili. Wazazi wanaikumbuka El Nino ya 1997. Nanyi vijana mliona wenyewe mwaka 2020, ziwa lilipofika kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na tena mwaka 2024, mafuriko yalipoua zaidi ya watu 250 kote nchini.

Leo, hata hivyo, sitaki tuyajadili maji. Nataka tulijadili lile linalokuja nyuma ya maji, yaani lori la msaada.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, nisije nikaitwa nyani asiyeona kundule. Mwezi wa Mei 2020 sisi majirani tulichanga pesa, tukanunua unga, maharagwe, sabuni na blanketi, tukakodi lori. Ubavuni mwa lori tulifunga bango kubwa lenye jina la kikundi chetu. Tulikwenda katika shule moja ya msingi upande wa Nyando. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya Corona, na madarasa yalikuwa yamegeuka kuwa nyumba za waliofukuzwa na maji.

Mama mmoja mjane aliitwa aje apokee gunia lake dogo la unga. Mwenzetu mmoja alikuwa ameshika kamera. "Mama, hebu lishike hivi utazame huku," akamwambia. Mama akatii. Picha haikutoka vizuri, ikapigwa ya pili. Kisha nikamsikia mtu akisema, "Mama, shusha barakoa kidogo utabasamu." Mtu huyo, msomaji, alikuwa ni mimi. Mama akashusha barakoa, akatabasamu, nasi tukaridhika.

Tulipokuwa tukijiandaa kuondoka, mama yule alinijia kando akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hiyo picha mtaipeleka wapi? Wanangu wako Nairobi, hawajui kwamba mama yao analala darasani. Sikutaka wajue." Sikuwa na jibu. Picha ilikuwa tayari imeingia katika simu za majirani wote, na nani ajuaye ilikotoka hapo ikaenda wapi. Unga tuliompa aliumaliza kwa wiki moja au mbili. Ile picha haijamalizika hadi leo.

Kiswahili kina neno linalofaa hapa: masimbulizi. Kumsimbulia mtu ni kumkumbusha wema uliomtendea mpaka atamani asingaliupokea. Tunalijua katika nyumba zetu. Mjomba amekulipia karo ya muhula mmoja, na kila arusi, kila matanga, lazima watu waambiwe ni nani aliyekusomesha. Basi masimbulizi ya mjomba ni ya ukoo mmoja. Masimbulizi ya lori la msaada ni ya kijiji kizima, na yana bango.

Ajabu ni kwamba dini zetu zote zimetuonya. Mkristo amefundishwa kwamba anapotoa sadaka mkono wake wa kushoto usijue utendalo wa kuume. Amefundishwa pia habari za Msamaria mwema, aliyemfunga majeraha mtu asiye wa kabila lake wala wa ibada yake, akamlipia gharama za nyumba ya wageni, akashika njia. Hakumwuliza anasali wapi. Mwislamu amefundishwa katika Sura ya Al-Baqara kwamba sadaka inabatilika kwa masimbulizi na maudhi, na neno hilo hilo ndilo utakalolikuta katika tafsiri za Kiswahili. Nao Makalasinga, ambao hekalu lao mashuhuri la Kericho linajulikana na wasafiri wengi wa barabara ile, wana desturi ya langar: yeyote aingiaye hupewa chakula, tajiri na maskini wakikaa pamoja, na hakuna anayeulizwa yeye ni wa dini gani.

Mafunzo ndiyo hayo. Vitendo je? Si ajabu kukuta mahali ambapo wenye njaa hukalishwa juani kusikiliza mahubiri ya saa nzima kabla ya foleni kuanza. Si ajabu kusikia kwamba anayeabudu Jumamosi ameachwa na walioleta msaada Jumapili, au kwamba mwenye kanzu nyeupe ya Legio Maria ameambiwa angoje wa kwao. Mtu aliyepokea neno la Mungu kwa sababu ya gorogoro mbili za mahindi ameokoka, au ameshiba tu? Na mahindi yakiisha?

Tukija kwa wanasiasa, hapo ndipo mambo huharibika kabisa. Mheshimiwa huja na msafara, mfuko wa unga umechapwa uso wake, na kabla hajafungua mlango wa lori huhutubia: "Msisahau ni nani aliyewakumbuka." Nayo orodha ya watakaopewa, je, imeandikwa na nani? Kuna mtu jina lake limeruka kwa sababu mwaka wa uchaguzi alionekana katika mkutano wa upande wa pili. Maji yalipoingia nyumbani kwake hayakumwuliza kadi ya chama. Unga ndio unaouliza.

Msomaji, hapa yafaa tujue sheria, maana asiyejua haki yake huishukuru kama zawadi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limelipa jukumu la kushughulikia majanga serikali ya kitaifa na pia serikali za kaunti. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura. Kwa hiyo gunia linalotoka serikalini halikutoka mfukoni mwa Mheshimiwa. Mama yule mjane amelichangia kila aliponunua sabuni na kila alipoongeza salio katika simu. Anayemsimbulia kwa gunia hilo anamsimbulia kwa pesa zake mwenyewe.

Na wanaotoa msaada kwa hiari wana kanuni zao pia. Mwaka 1994 vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu pamoja na mashirika mengine ya misaada yalikubaliana juu ya kanuni kumi za kazi hiyo. Miongoni mwa zile za mwanzo ni kwamba msaada utolewe kwa kuangalia shida pekee, bila kujali rangi, imani wala taifa la mtu, na kwamba usitumiwe kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Kanuni ya mwisho inagusa kosa langu hasa: katika habari na matangazo, waliopatwa na maafa waonyeshwe kama watu wenye heshima zao, si kama vitu vya kuhurumiwa.

Usidhani jambo hili haliwezekani kwetu. Mwaka 2011, ukame ulipowabana watu wa Turkana na kwingineko, wananchi waliitikia wito wa Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500, nalo likapitwa. Wengi walituma kwa simu, wengine shilingi kumi tu. Aliyetuma kutoka Kisumu hakujua unga wake utapikwa na nani, wala mpishi hakujua amshukuru nani. Hakuna aliyeombwa kutabasamu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Najua utaniuliza, "Bila picha, nitajuaje kwamba mchango wangu haukuliwa njiani?" Ni swali la haki, na mwaka 2024 tulipochanga tena majirani wengine waliliuliza kwa ukali. Mmoja alikataa kabisa kutoa. Tulichofanya ni hiki. Tulipiga picha za magunia yakipakiwa na yakishushwa, bila uso wa mtu. Tulitunza risiti za duka. Orodha ya waliopokea ilitiwa sahihi na wao wenyewe mbele ya wazee wa kijiji, nayo ikakaa kwa mweka hazina ili anayetaka kuhakikisha aende akaisome. Lile bango lilibaki nyumbani. Pesa zilipungua kidogo, siwezi kukuficha, lakini hesabu zilikuwa safi kuliko za mwaka 2020.

Kwa hiyo mvua itakaporudi, nawe utakapoombwa mchango kanisani, msikitini, chuoni au mtaani, uliza maswali matatu kabla ya kutoa. Kwanza, wenyewe wameulizwa wanahitaji nini? Usiwapelekee suti kuukuu wakati wanalilia turubai, neti, sodo na dawa ya kusafisha maji, maana kipindupindu hufuata mafuriko kama kivuli. Pili, orodha imeandikwa na nani, na asiye wa dini yetu wala wa chama chetu yumo? Tatu, kuna mtu atakayetakiwa kulipa kwa uso wake, kwa sala yake au kwa kura yake? Jibu la swali hili la tatu likiwa ni ndiyo, hiyo si sadaka tena, ni biashara.

Na maji yakishakauka, usilale. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Matuta ya kuzuia maji hujengwa wakati wa kiangazi, na mitaro huzibuliwa kabla ya masika. Mwulize kiongozi wako habari za matuta hayo mwezi wa Januari, wakati hana unga wa kukunyamazisha. Kiongozi aliyejenga tuta imara hana haja ya kuleta lori, na labda ndiyo sababu matuta hayana wapenzi wengi. Tuta halitabasamu mbele ya kamera.

Yule mama sikumwona tena. Mwaka 2024 nilimtafuta katika foleni nikamkosa, na moyoni nikaomba iwe ni kwa sababu nyumba yake haikuingiwa na maji safari hii. Ningalimwona ningalimwomba radhi. Kwa kuwa sikumwona, namwomba hapa, bila kumtaja jina wala kuonyesha uso wake.

Tenda wema, nenda zako. Jumapili njema.